Safari Moja, Chanjo Tofauti: Familia Ijipange Vipi Kabla ya Likizo ya Nje

Chukulia familia ya watu watano wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwenda Uganda likizo ya Desemba. Baba aliwahi kufanya kazi Kinshasa na bado anayo kadi yake ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ya mwaka 2009. Mama ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Yupo binti wa miaka sita, na yupo bibi wa miaka 68 ambaye hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Uganda inamtaka kila msafiri anayeingia, kuanzia umri wa mwaka mmoja, aoneshe cheti cha chanjo hiyo. Nchi ni moja, ugonjwa ni mmoja na sharti ni moja, lakini watu hawa watano wana majibu matano.

Baba hahitaji sindano nyingine. Tangu tarehe 11 Julai 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinatambua kwamba dozi moja ya chanjo ya homa ya manjano inatosha maisha yote, na kadi za zamani zilizoandikwa kwamba mwisho wake ni miaka 10 zimo humohumo. Akiambiwa kadi imekwisha muda, anaweza kueleza hivyo kwa upole. Asijaribu tu kuifuta ile tarehe ya zamani kwa kalamu, maana kadi iliyofutwafutwa inaweza kukataliwa.

Binti achanjwe mapema, kwa kuwa cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akapanda ndege Ijumaa ana kadi mkononi, lakini cheti chake bado hakijawa halali.

Mtoto wa miezi saba hachanjwi. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa vichanga iliwahi kuleta uvimbe wa ubongo. Chini ya miezi sita ni marufuku, na kati ya miezi sita na minane haitolewi ila kukiwa na mlipuko. Kwa umri wake Uganda haimdai cheti, ila kutodaiwa cheti hakumpi kinga. Mama naye yumo katika hesabu hiyo, kwa sababu virusi vya chanjo vimewahi kupita kwenye maziwa ya mama na kumfikia mtoto mchanga. Kama ningekuwa mimi ndiye mpangaji, safari hii ningeisogeza hadi likizo ya Juni, mtoto awe ameshavuka mwaka na kuchanjwa, mwenye kadi yake mwenyewe. Kama safari haiahirishiki, uamuzi wa kumchanja mama ufanyike mbele ya daktari, kwa kupima hatari ya kule anakokwenda na umri wa mtoto.

Bibi ndiye anayehitaji mazungumzo marefu zaidi. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ya chanjo hii ni nadra sana, lakini hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari atataka kujua kama ana ugonjwa unaodhoofisha kinga, kama anatumia dawa za aina hiyo, kama aliwahi kuugua tezi ya thaimasi, na kama mayai humdhuru vibaya. Akionekana hafai kuchanjwa, anaweza kuandikiwa barua rasmi ya kusamehewa, yenye saini na muhuri. Barua hiyo iulizwe ubalozini kabla ya tiketi kukatwa, kwa sababu nchi inayompokea ndiyo yenye uamuzi wa kuikubali. Halafu familia ikumbuke kwamba barua humvusha bibi dirishani kwa afisa, lakini haimkingi na mbu.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu familia nyingi huuliza swali moja tu: nchi ile inadai chanjo gani? Ni swali la lazima, na ukilikosea unarudishwa uwanjani. Ila lile linalolinda afya ya watoto ni jingine: kila mmoja wetu ana upungufu gani mwilini, ukilinganisha na kule tunakokwenda na tutakavyoishi tukifika? Swali la pili halina dirisha wala afisa. Hakuna atakayekusimamisha mpakani kukuuliza kama mtoto wako alipata dozi ya pili ya surua. Usipojiuliza mwenyewe, hakuna mwingine wa kukuuliza.

Sharti la mpakani limewekwa kwanza kwa ajili ya nchi, si kwa ajili ya msafiri. Mbu aina ya Aedes, yule anayeuma mchana, yuko katika nchi nyingi za joto ambako homa ya manjano yenyewe haipo. Akiingia mgonjwa mmoja mwenye virusi, mbu wa hapo anaweza kuanza kuvisambaza. India, kwa mfano, ina mbu hao kwa wingi na haina ugonjwa huo, na haina mzaha: msafiri anayefika kutoka nchi kama Kenya au Uganda bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, kwani ndani ya muda huo ugonjwa kwa kawaida huwa umejionesha. Hofu hiyo ina msingi. Mlipuko wa Angola ulioanza mwishoni mwa 2015 ulisafiri na abiria: mwaka 2016 Kenya ilipata wagonjwa wawili waliotoka huko, na China ikapata 11, wote wakiwa wameuchukua Angola.

Tanzania nayo inadai cheti kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Mkenya anayekwenda kupumzika Zanzibar anahitaji kadi. Familia yetu ya Dar ikirudi kutoka Entebbe inahitaji kadi hizohizo kuingia nyumbani. Na abiria aliyetoka London, Uingereza, ambako homa hiyo haipo kabisa, akipitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 akisubiri ndege ya kuunganisha, naye anaingia kwenye sharti. Hapo ndipo watu wengi hunaswa. Wanahesabu nchi wanayotoka na nchi wanayokwenda, na kuisahau ile ya katikati. Kabla ya kulipia tiketi rahisi yenye kulala njiani, tazama inakupitisha wapi na kwa saa ngapi.

Orodha za nchi hubadilika. Nchi inaongezwa, nyingine inatolewa, na simulizi ya jirani aliyesafiri mwaka juzi haitoshi. Shirika la Afya Duniani huchapisha masharti ya kila nchi, ubalozi unayajua ya kwake, na shirika la ndege litayafuata kwa ukali kuliko wote kwa sababu gharama ya kumrudisha abiria huliangukia lenyewe.

Kuna jambo linaloniudhi na nitalisema wazi: kadi za kununua. Kila anayesafiri kwa barabara katika ukanda wetu amewahi kusikia, kama si kuona, mtu akipewa kadi ya njano yenye muhuri bila sindano kugusa mkono wake. Anayefanya hivyo huona ameokoa muda. Kumbe amenunua karatasi na kujinyima kinga, tena kwa ugonjwa usio na dawa ya kuua virusi vyake. Zaidi ya hapo amejifungia mlango, maana siku nyingine daktari akiangalia kadi ile atadhani mtu huyu ana kinga ya maisha na hatamchanja tena. Kumfanyia mtoto hivyo ni kumdanganya daktari wake wa kesho. Kama ulishainunua, nenda kituo kinachotambulika, useme ukweli, uchanjwe.

Ukiwa mbele ya mchanjaji, isome kadi kabla hujaondoka. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. "Mwanaidi" na "Mwana Idi" ni watu wawili mbele ya afisa mchovu. Tarehe, namba ya toleo la chanjo, saini ya mtoa huduma na muhuri wa kituo, vyote viwepo. Kadi ni ya mtu mmoja. Mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi. Ipige picha pande zote mbili, na yenyewe uiweke ndani ya pasipoti.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kabati la nyaraka. Hatua ya kwanza ya kuamua chanjo za safari ni kutoa kadi za kliniki za watoto wote na kuzitandaza mezani. Utakuta ile ya kifungua mimba imekunjwa mara nne, ukurasa wa uzito umechorwa nukta za kalamu mpaka mwisho, na ya mtoto wa mwisho imesimama ghafla baada ya miezi tisa. Hilo ni jambo la kawaida sana. Katika ratiba ya Tanzania na ya Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi tisa na kurudiwa miezi 18. Dozi ya kwanza hupatikana kwa kuwa mama bado anakwenda kliniki kila mwezi. Ya pili hupotea kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia, mama amerudi kazini, na hakuna aliyekumbusha.

Watu hudhani surua ni ugonjwa wa huku kwetu na kwamba Ulaya wameshaumaliza. Mwaka 2024 ukanda wa Ulaya wa Shirika la Afya Duniani, ambao unachukua pia nchi za Asia ya Kati, uliandikisha wagonjwa 127,350 wa surua, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1997. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na katika kila watu kumi wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, tisa huambukizwa. Ukumbi wa kusubiri ndege ni mahali pazuri kwa ugonjwa wa namna hiyo. Ukiniuliza ni chanjo ipi nisingekubali familia isafiri bila kuikamilisha, nitasema surua, hata kama hakuna nchi inayoidai. Kichanga chenye miezi kati ya sita na minane kinachosafiri kwenda kwenye mlipuko kinaweza kupewa dozi ya mapema, ambayo haihesabiwi katika zile mbili za ratiba. Ulizeni.

Kuna ufundi mmoja hapa. Chanjo ya surua na ya homa ya manjano zote mbili ni hai, na kwa mtoto mdogo baadhi ya wataalamu hupendelea ziachane kwa wiki nne, kwa sababu zikitolewa pamoja mwili unaweza kujenga kinga pungufu. Pia homa inayotokana na chanjo ya surua huja baadaye, takriban siku saba hadi 12 baada ya sindano. Mtoto aliyechanjwa wiki moja kabla ya safari anaweza kuchemka siku ya kupanda ndege, na mzazi akahangaika bila kujua chanzo.

Wakubwa nao wana kadi, ila hawazitafuti. Mama aliyejifungua mara mbili tatu huenda ameshakamilisha dozi tano za pepopunda, zikaandikwa kwenye kadi yake ya ujauzito. Baba wa nyumba hiyohiyo mara nyingi hakumbuki kuchomwa sindano tangu shule ya msingi. Akienda likizo ya kupanda mlima au kusaidia shamba la mkwe, yeye ndiye mwenye pengo.

Safari moja ambayo Waswahili wengi huifanya kifamilia ni Umra, na sasa wengi wanaunganisha na siku chache za kutembea Dubai au Istanbul. Saudi Arabia inamtaka kila anayekwenda kuhiji au kufanya Umra, kuanzia umri wa mwaka mmoja, awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, angalau siku kumi kabla ya kufika. Kuna chanjo inayotambuliwa kwa miaka mitatu na nyingine kwa mitano, kwa hiyo kadi ioneshe wazi ni ipi. Sharti hili lilizaliwa na msiba. Mwaka 1987 mahujaji walirudi makwao na mlipuko wa aina A, na mwaka 2000 aina ya W ikasafiri nao hadi mabara mengine. Katika miezi ya mwanzo ya 2024, wagonjwa 12 waliohusishwa na safari ya Umra waligundulika Marekani, Ufaransa na Uingereza, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Wengine waliambukizwa na ndugu waliorudi, wao wenyewe hawakwenda popote. Siku hizi visa hupatikana kwa urahisi na si kila mtu hukaguliwa kadi, na hapo ndipo watu hulegea. Ugonjwa huu unaweza kumwondoa kijana mzima ndani ya siku moja. Watoto wapewe hata kama wakala wa safari amesema hakuna anayeangalia. Wakala huyohuyo aulizwe kuhusu polio na homa ya manjano, kwa kuwa masharti ya Saudia hutegemea nchi unayotoka na hutangazwa upya kila msimu.

Nageukia sasa familia ambazo naziwazia zaidi kuliko zote: ndugu zetu walioko Leicester, Minneapolis au Muscat, wanaowaleta watoto kuwaona babu na bibi. Watu hawa hawajioni kuwa watalii. Wanarudi nyumbani, na mtu harudi nyumbani kwa woga. Mtalii wa Kijerumani anayekaa hotelini siku nane huja na dawa, chandarua na bima. Mtoto wa dada yetu anayekuja kukaa wiki sita kijijini Muheza, Tanga, akinywa maji ya mtungini na kucheza na mbwa wa jirani, mara nyingi huja na zawadi tu.

Tazama homa ya ini aina ya A. Baba aliyekulia Tanga karibu hakika aliipata utotoni bila kujua, kwa sababu kwa mtoto mdogo huweza kupita kama mafua ya tumbo, na sasa ana kinga ya maisha. Mwanawe aliyezaliwa Leicester hana kinga hiyo hata kidogo. Baba akisema "mimi nimekulia huku na sijawahi kuchanjwa hiyo", anasema kweli, na ukweli huo haumhusu mwanawe. Chanjo hutolewa kuanzia mwaka mmoja. Dozi moja hukinga kwa mwaka angalau, na ya pili baada ya miezi sita hadi 12 hurefusha kinga kwa miaka mingi. Homa ya matumbo, yaani taifodi, ni hivyohivyo: sindano ya kawaida ya wasafiri hutolewa kuanzia miaka miwili na hurudiwa baada ya miaka mitatu hivi, na ipo aina mpya inayofaa tangu miezi sita. Haizibi mianya yote, kwa hiyo maji yachemshwe hata kama mtoto amechanjwa. Walioko Uingereza wajue kwamba chanjo hizi mbili, pamoja na ya kipindupindu na ile ya kuongeza nguvu ya pepopunda, dondakoo na polio, hupatikana bure kwa NHS, huduma ya afya ya taifa huko. Homa ya manjano, uti wa mgongo wa safari na kichaa cha mbwa hulipiwa. Kipindupindu chenyewe sioni sababu ya kumchanja mtoto anayekwenda kukaa kwa bibi yake, isipokuwa kama kuna mlipuko mahali hapo.

Walioko huko wana haki nyingine ambayo wengi hawaijui. Uingereza humpa mtoto mchanga chanjo ya kifua kikuu, BCG, kama mzazi au babu au bibi yake alizaliwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi. Tanzania na Kenya zimo. Kama mkunga hakuuliza, mwambieni bibi alizaliwa wapi.

Halafu malaria. Mara kwa mara nasikia mzazi akisema atamchanja mtoto malaria kabla ya kuja. Chanjo zipo kweli: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza, RTS,S, Oktoba 2021, na ya pili, R21, Oktoba 2023. Lakini zimekusudiwa watoto wanaoishi kwenye malaria mwaka mzima, kwa dozi nne zinazochukua muda mrefu, na hazipendekezwi kwa msafiri. Msafiri anahitaji dawa za kujikinga na chandarua chenye dawa. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia na huendelea kila siku hadi siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kuondoka na haifai kwa watoto wadogo wala wajawazito. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki na huanzwa wiki mbili tatu kabla. Daktari atachagua kwa uzito wa mtoto na historia ya kila mmoja.

Kinga ya malaria ambayo mzazi aliijenga utotoni hufifia akikaa miaka mingi mbali. Huko Uingereza wengi wanaokutwa na malaria baada ya safari ni watu waliokwenda Afrika kuwaona ndugu zao, hasa kwa sababu hawakutumia dawa. Najua ugumu wake. Unakaa sebuleni kwa mama mkwe, unamtolea mtoto kidonge, na shangazi anauliza kama malaria ya kwao imekuwa sumu. Jibu fupi linatosha: "Shangazi, huyu hajazaliwa na mbu wa huku, mwili wake haumjui." Sijawahi kuona shangazi akikasirikia jibu hilo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo familia nyingi huikata kwenye bajeti kwa sababu ni ghali. Siilaumu familia ya kulala hotelini Mombasa siku tano. Lakini kwa watoto wanaokwenda kijijini kwa wiki kadhaa, au likizo Bali ambako ugonjwa huo upo tangu 2008, naomba ifikiriwe kwa uzito. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto huumwa karibu na uso, au hukwaruzwa akaficha kwa kuogopa kugombezwa. Aliyechanjwa kabla ya safari akiumwa bado anahitaji sindano mbili za haraka, lakini hahitaji tena imunoglobulini, ile dawa ya kingamwili inayoingizwa kwenye kidonda, ambayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi mbili za awali zinazoachana siku saba; baadhi ya nchi bado hutoa tatu.

Awe amechanjwa au la, mtoto akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu mtoto anapolia, kwa hiyo mmoja amshike na mwingine atazame saa. Pilipili, mafuta ya taa au majani visisogezwe hapo. Kisha hospitali, siku hiyohiyo.

Mtoto mwenye selimundu apangiwe safari yake peke yake. Bandama yake haifanyi kazi ipasavyo, kwa hiyo bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo humshambulia kwa nguvu kuliko ndugu zake, na malaria inaweza kumletea hatari ya maisha. Kwake chanjo za kukinga bakteria hao na dawa za malaria si za kuchagua. Vivyo hivyo anayeishi na VVU aende na majibu yake ya karibuni ya CD4, yaani seli za kinga, kwa sababu zikiwa chini ya 200 chanjo hai hazimfai. Mjamzito aseme kwamba ni mjamzito hata kama bado hajawaambia wakwe; mchanjaji ataitunza siri hiyo.

Kwa muda, hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya ndege. Wiki sita hadi nane kabla ndizo za kwenda kwa daktari na kadi zote na ratiba ya safari: miji gani, kulala wapi, wiki ngapi, kijijini au mjini. Zikibaki mbili, nenda hivyohivyo. Chanjo za homa ya ini na taifodi bado zina nafasi ya kufanya kazi, na siku kumi za kadi ya njano na za uti wa mgongo bado zipo. Kwa Tanzania, kadi ya njano hutolewa na vituo vilivyoidhinishwa, na ofisi za afya mipakani, bandarini na viwanja vya ndege zitakuelekeza kilicho karibu nawe. Piga simu kwanza, maana chanjo huisha kabla watu hawajaisha.

Na fedha zikiwa hazitoshi vyote, mimi ningepanga hivi: kwanza kukamilisha chanjo za kliniki, ambazo kwetu ni za bure, pili lile lililodaiwa na sheria, tatu dawa za malaria na vyandarua kwa wanaokuja kutoka nje, nne homa ya ini na taifodi kwa waliozaliwa ughaibuni, kisha kichaa cha mbwa kwa watoto wa kukaa kijijini. Mwingine anaweza kubadilisha ya nne na ya tano na nisibishane naye. Ya kwanza nitaitetea popote.

Mkisharudi, mtu yeyote akipata homa, hata baada ya miezi kadhaa, daktari aambiwe mwanzoni kabisa mlikuwa nchi gani na lini. Daktari wa Oslo aliyeambiwa "mtoto ana homa" atafikiria mafua. Akiambiwa mtoto alikuwa Muheza mwezi uliopita, atachukua damu ya kupima malaria siku hiyohiyo. Na kwa waliopata dozi ya kwanza ya homa ya ini, tarehe ya dozi ya pili iandikwe kwenye kalenda ya nyumba sasa, kabla mabegi hayajafunguliwa.